Tarabai Modak: Mwalimu aliyeihamishia shule ya watoto uani kwa maskini

Kaskazini mwa jiji la Mumbai, katika pwani ya India inayotazamana kwa mbali na pwani ya Afrika Mashariki, kuna kijiji kiitwacho Bordi. Ufuo wake umepandwa mivinje, na nyuma ya mivinje hiyo yapo mashamba ya miti ya matunda, kisha vilima ambavyo zamani vilikuwa misitu minene. Hapo ndipo, mwezi Desemba mwaka 1945, mwanamke aliyekwisha kujipatia jina katika miji mikubwa alipofungua kituo cha kuwalea na kuwafundisha watoto wadogo wa kijijini. Jina lake lilikuwa Tarabai Modak. Alikuwa na umri wa miaka 53, umri ambao watumishi wengi wa zama zake walikuwa wameanza kuwaza kustaafu. Kazi iliyomfanya akumbukwe hadi leo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Leo hii India ina zaidi ya vituo milioni 1.3 vya watoto wadogo vinavyoitwa anganwadi, na karibu kila kijiji kina kimoja. Wengi wanaovitumia hawajui kwamba jina hilo, na wazo lenyewe, vilitokana na tatizo dogo lililomsumbua mwalimu huyo hapo Bordi: alifungua mlango wa shule, na wale aliowakusudia hawakuingia.

Binti wa wanamageuzi

Tarabai alizaliwa tarehe 19 Aprili 1892 katika ukoo wa Kelkar. Wazazi wake walikuwa Wamarathi na wafuasi wa Prarthana Samaj, jumuiya ya Kihindu ya mageuzi iliyoanzishwa Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1867. Jumuiya hiyo ilipinga ndoa za utotoni, ikatetea haki ya wajane kuolewa tena, na kuhimiza wasichana wapelekwe shule. Kwa sababu hiyo Tarabai alipata fursa ambayo mamilioni ya wasichana wa rika lake waliikosa. Mwaka 1914 alihitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Bombay, wakati ambapo wanawake wenye shahada katika nchi nzima walikuwa wachache mno.

Aliolewa na mwanasheria wa mji wa Amravati, naye ndiye aliyempa jina la Modak. Ndoa haikudumu, na mwaka 1921 waliachana. Katika jamii ya wakati ule, hata miongoni mwa wanamageuzi, mke aliyeachika alitazamwa kwa jicho la lawama. Tarabai alikuwa na binti mdogo wa kumlea na hakuwa na mume wa kumtegemea. Alikwenda Rajkot, katika nchi ya Wagujarati, akakabidhiwa uongozi wa chuo cha kuwafunza wanawake ualimu. Cheo kilikuwa kizuri na mshahara ulikuwa wa uhakika. Hata hivyo alikaa hapo kwa muda mfupi tu, kwa kuwa habari za mji jirani wa Bhavnagar zilikuwa zimemfikia.

Mama mwenye masharubu

Bhavnagar palikuwa na mtu aliyeitwa Gijubhai Badheka, na maisha yake yanayagusa moja kwa moja maeneo ya wasikilizaji wa Kiswahili. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Gijubhai alivuka bahari kwenda Afrika Mashariki kutafuta riziki, kama walivyofanya Wagujarati wengi wa kizazi chake baada ya reli kutoka Mombasa kufika Ziwa Victoria. Hakufanya makazi huku. Baada ya miaka miwili alirejea kwao, akasomea sheria, akawa wakili. Mwanawe alipozaliwa mwaka 1913 alianza kutafuta namna bora ya kumlea, na katika kutafuta huko akakutana na maandishi ya daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori. Aliacha uwakili, akajiunga na taasisi ya elimu ya Dakshinamurti, na mwaka 1920 akafungua shule ya watoto wa chini ya umri wa miaka sita.

Shule hiyo haikuwa na fimbo, jambo lililowashangaza watu wa Kathiawar ambao kwao mwalimu na bakora vilikuwa kama pete na kidole. Watoto walicheza, waliimba, walisikiliza hadithi, walishika vitu kwa mikono yao. Gijubhai mwenyewe, mwanamume mwenye masharubu mazito, aliwahudumia kwa upole kiasi kwamba watu walimbandika jina la mama mwenye masharubu. Tarabai alijiunga naye mwaka 1923, akiwa na bintiye. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi watu hao wawili walifanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1926 waliunda chama cha elimu mpya ya watoto, Nutan Bal Shikshan Sangh, wakafundisha walimu na kuchapisha jarida kwa ajili ya wazazi, ambalo Tarabai alilihariri. Gijubhai alikuwa na kipaji cha hadithi. Tarabai alikuwa na kipaji cha kupanga kazi, kuandika na kufunza wengine. Mmoja asingefika mbali bila ya mwenzake.

Kuna jambo moja kuhusu njia hiyo ya Montessori ambalo halina budi kuelezwa, kwa sababu bila ya hilo uamuzi wa baadaye wa Tarabai hauwezi kueleweka. Montessori alianzisha nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa vibarua maskini. Njia yake ilizaliwa kwa maskini. Lakini kadiri ilivyoenea duniani ilianza kuhitaji vifaa maalumu: mitungi ya mbao iliyopimwa kwa uangalifu, mbao za rangi, herufi za karatasi ya msasa, samani za kimo cha mtoto. Vifaa hivyo viligharimu fedha nyingi. Kilichoanzia kwa watoto wa vibarua kikawa, katika nchi nyingi ikiwemo India, elimu ya watoto wa wenye uwezo. Hata shule ya Bhavnagar, pamoja na nia njema yote ya waanzilishi wake, ilijaa zaidi watoto wa mjini waliotoka katika familia zilizojua thamani ya shule.

Mumbai haikumtosha

Mwaka 1936 Tarabai alihamia Mumbai, akaanzisha shule ya watoto na mafunzo ya walimu katika mtaa wa Dadar. Miaka mitatu baadaye, mwezi Juni mwaka 1939, Gijubhai alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 53 tu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Montessori mwenyewe aliwasili India, akakaa huko miaka yote ya Vita vya Pili vya Dunia. Elimu ya watoto wadogo ikawa jambo la kuzungumzwa katika nyumba za wasomi. Kwa mtu aliyekwisha kuitwa na wengi mama wa Montessori nchini India, huo ungeweza kuwa wakati wa kukaa mjini na kufaidi heshima.

Lakini upepo mwingine ulikuwa ukivuma. Mahatma Gandhi alikuwa ametangaza mwaka 1937 mpango wake wa elimu ya msingi unaojengwa juu ya kazi za mikono, uliowalenga watoto wa kuanzia miaka saba. Alipotoka kizuizini mwaka 1944, alipanua wazo hilo na kutaka elimu ianze tangu utoto wa mwanzo kabisa, tena vijijini, ambako ndiko walikoishi Wahindi wengi. Swali lilikuwa nani angekwenda. Walimu waliojua kufundisha watoto wadogo walikuwa mjini, na vijijini hawakuwako waliowahi kuona chekechea. Tarabai aliamua kwenda mwenyewe.

Kituo cha Bordi kilifunguliwa tarehe 24 Desemba 1945. Aliyekuwa naye tangu mwanzo ni mwalimu wa miaka 35, Anutai Wagh. Anutai aliozwa akiwa na umri wa miaka 13 na akawa mjane miezi michache baadaye. Desturi ilimtaka akae kimya katika kona ya nyumba maisha yake yote. Badala yake alisoma, akawa mwalimu, na alipokutana na Tarabai alikubali kuacha kazi yake ya mjini. Katika Kimarathi neno tai humaanisha dada mkubwa, nalo bai ni neno la heshima kama bibi, na wanakijiji waliwaita wawili hao hivyo, Bai na Tai, kwa miaka mingi.

Watoto wasiokuja

Mwanzoni shule ya Bordi ilifuata njia iliyozoeleka: chumba kimoja katikati ya kijiji, saa maalumu, watoto waletwe na wazazi. Walioletwa walitoka katika familia zenye ardhi na biashara. Watoto wa tabaka la walioitwa wasioguswa, ambao makazi yao yalitengwa kando ya kijiji, hawakuonekana. Wazazi wao walikuwa na hofu ya kutukanwa, na wenye tabaka la juu hawakupendezwa na wazo la watoto kuchanganyika. Hapakuwa na tangazo lililowakataza. Palikuwa na njia ya mita mia chache tu kati ya kibanda na shule, na njia hiyo haikupitika.

Walimu wengi wakiwa katika hali kama hiyo huandika katika ripoti kwamba wazazi hawana mwamko wa elimu, na kazi inaishia hapo. Tarabai na Anutai walichukua hatua iliyokuwa rahisi na ya ajabu kwa pamoja. Anutai alibeba vifaa vyake akaenda upande wa pili wa kijiji, akatafuta ua uliokuwa na kivuli, akaufagia, akaketi. Watoto waliokuwa wakicheza vumbini walisogea kutazama. Kwanza aliwanawisha, akawachana nywele, akawakata kucha. Kisha nyimbo, michezo, hadithi. Akina mama waliokuwa wakipika au kupepeta nafaka waliona kila kitu kwa macho yao, na hapakuwa na haja ya mkutano wa kuwaelimisha.

Ua katika Kimarathi ni angan, na wadi ni bustani au mahali palipozungushiwa. Ndipo likapatikana jina la anganwadi. Msomaji wa Kiswahili huenda akatabasamu hapa, kwa kuwa katika lugha yetu neno ua ni la uwanja wa nyumbani na ni la mmea uchanuao, na bustani ya watoto ndilo jina ambalo Mjerumani Friedrich Fröbel alizipa chekechea zake karne moja kabla ya hapo.

Suala la vifaa nalo lilitatuliwa palepale. Mitungi ya mbao kutoka Ulaya haikuwa na nafasi uani. Tarabai alikuwa ameifundisha njia ya Montessori kwa zaidi ya miaka ishirini, na alijua vizuri kila kifaa kilikuwa na shabaha gani: hiki kumfundisha mtoto kupanga kwa ukubwa, kile kutofautisha rangi, kingine kuhesabu. Akiijua shabaha, aliweza kubadili kifaa. Kokoto za mtoni, makombe ya baharini, mbegu, majani, maua, udongo wa mfinyanzi na vijiti vilifanya kazi ileile. Mtoto aliyepanga makombe kuanzia dogo hadi kubwa alijifunza jambo lilelile alilojifunza mtoto wa Dadar kwa mitungi ya bei ghali, na kesho yake angeweza kuokota mengine ufuoni bila kumwomba mtu. Walikuwapo waliouona ugeuzaji huo kama kuharibu kazi ya Montessori. Kwa hakika ulikuwa karibu zaidi na kazi ya mtaa wa San Lorenzo kuliko yaliyokuwa yakifanyika katika shule nyingi zilizobeba jina lake.

Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1946 hadi 1951, Tarabai alikuwa pia mjumbe wa bunge la jimbo la Bombay kwa tiketi ya chama cha Congress. Hilo halikuacha alama kubwa kama ua wa Bordi.

Kilimani kwa Wawarli

Nyuma ya pwani ya Bordi waliishi Wawarli, watu wa asili wa misitu hiyo. Ardhi yao ilikuwa imeingia mikononi mwa wenye mashamba na wafanyabiashara wa mbao, nao wakawa wapangaji na vibarua katika nchi ya babu zao. Kijana aliyekopa fedha za harusi aliweza kumtumikia aliyemkopesha kwa miaka mingi, yeye na mkewe, bila ya deni kwisha. Mwaka 1945, mwaka uleule wa kufunguliwa kituo cha Bordi, Wawarli waligoma chini ya uongozi wa chama cha wakulima, wakakataa utumwa wa madeni na kazi ya bure. Mgomo huo ulikabiliwa kwa risasi. Hivyo Tarabai alipohamishia kazi yake juu ya kilima cha Kosbad, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, aliingia mahali ambapo wageni waliotoka mjini walikuwa na sifa mbaya, na kwa sababu za haki.

Kosbad ilileta maswali ambayo Bordi haikuwa nayo. Huko mtoto wa miaka minne hakuwa na kazi, lakini dada yake wa miaka minane alikuwa nayo: kumbeba mdogo wao mchanga mgongoni wakati mama yuko kibaruani. Mvulana wa miaka kumi alichunga ng'ombe wa tajiri. Msimu wa kukata majani ulipofika, familia nzima iliondoka. Shule iliyofunguliwa kwa saa za kawaida ingewapata wachache sana.

Jibu lililojengwa Kosbad liliitwa Vikaswadi, yaani bustani ya maendeleo. Katika eneo moja paliwekwa mahali pa kulaza watoto wachanga, chekechea na shule ya msingi. Msichana alikuja na mdogo wake, akamweka kwenye bembea, mwingine akamkabidhi kwa mlezi wa chekechea, kisha yeye mwenyewe akaingia darasani. Mdogo akilia, dada alikuwa karibu. Mpango huo unaonekana kuwa jambo la kawaida ukisimuliwa leo. Lakini ulitokana na kuuliza swali ambalo serikali nyingi hazikuuliza: mtoto asiyekuja shule, saa hizo yuko wapi na anafanya nini? Ukilijua hilo, sehemu kubwa ya kinachoitwa utoro hugeuka kuwa suala la kutafuta mahali pa kumlaza mtoto mchanga.

Kwa wachungaji wadogo, walimu walikwenda malishoni. Ng'ombe wakila, watoto walikaa chini ya mti wakasoma, wakahesabu, wakajadili ndege na mimea waliyoijua kuliko mwalimu. Shule hiyo ya malishoni haikuwa na ukuta wala kengele. Somo lilikatika kila ng'ombe alipoelekea kwenye shamba la mtu.

Lugha nayo ilikuwa kikwazo. Wawarli walizungumza Kiwarli, na Kimarathi cha vitabuni kilikuwa kigeni masikioni mwa mtoto mdogo. Walimu wa Kosbad walilazimika kujifunza maneno ya watoto kabla ya kuwafundisha maneno ya shule, na nyimbo na ngoma za Kiwarli zikaingia katika ratiba ya kila siku. Yeyote aliyeanza darasa la kwanza kwa lugha ambayo haikusemwa nyumbani kwao, iwe Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza, anajua uzito wa jambo hilo.

Haya yote hayakufanyika kwa urahisi. Mahudhurio yalipanda na kushuka kwa misimu. Walimu waliokuja kutoka mjini hawakudumu wote, kwa kuwa kilima kilikuwa mbali na mshahara ulikuwa mdogo. Fedha zilitafutwa kila mwaka upya kwa wafadhili na serikali. Wala umaskini wa Wawarli haukuondolewa na chekechea; deni la tajiri halifutwi kwa wimbo wa watoto. Tarabai aliendelea kuandika kuhusu kazi hiyo katika Kimarathi na Kigujarati, lugha ambazo walimu wa vijijini waliweza kuzisoma. Mwaka 1962 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Bhushan, mojawapo ya nishani za juu kabisa za raia.

Baada yake

Tarabai Modak alifariki dunia tarehe 31 Agosti 1973, akiwa na umri wa miaka 81. Tarehe 2 Oktoba 1975, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, serikali ya India ilizindua mpango wa taifa wa huduma za watoto wadogo katika wilaya ndogo 33 za majaribio. Mpango huo uliunganisha chakula, chanjo, uchunguzi wa afya na elimu ya awali kwa watoto wa chini ya miaka sita pamoja na mama zao. Vituo vyake vilipewa jina la anganwadi, na ndivyo vilivyoenea nchi nzima hadi kupita milioni moja.

Ukubwa huo umekuja na gharama yake. Katika vituo vingi kugawa chakula na kujaza madaftari ya hesabu humaliza asubuhi yote, na muda wa nyimbo, hadithi na makombe hubaki mdogo. Mlezi wa anganwadi, ambaye karibu kila mara ni mwanamke wa kijijini hapohapo, kisheria huhesabiwa kuwa mtu wa kujitolea. Hulipwa posho badala ya mshahara, na kwa miongo kadhaa walezi hao wamekuwa wakiandamana kudai watambuliwe kama wafanyakazi wa serikali.

Kosbad yenyewe ilibaki mikononi mwa Anutai Wagh. Aliishi kilimani hapo kwa takriban miaka ishirini zaidi baada ya Tarabai, akafunza walimu na kuandika vitabu, akatunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1985, na akafariki mwaka 1992. Miongoni mwa walimu waliofunzwa pale walikuwamo Wawarli, ambao waliweza kuingia katika ua wowote wa kilima hicho bila kumsubiri mtu wa kuwatafsiria.